Diski Katika Kabati la Mashuka

Kabati la mashuka la Verna Corkum lilivamiwa mchana kweupe, na aliyelivamia alikuwa mume wake wa ndoa. Garnet alitoa mashuka ya kitani, foronya na kitambaa cha meza alichokitarizi marehemu mama yake Verna, akavishusha kwa mafungu hadi chini ya nyumba, kwenye chumba cha kuwekea viazi. Kisha akapanda tena ngazi amekumbatia masanduku ya diski za grenda, ile mashine ya kusagia chuma, anatembea kwa uangalifu kama mtu aliyetoka hospitali na mapacha.

"Garnet," Verna alisema, mwiko mkononi, "hivyo ni vyuma."

"Si vyuma. Ni mchanga na gundi. Zinaugua kama watu."

"Na mashuka yangu hayaugui?"

"Shuka utalianika, Verna. Diski ikishakunywa unyevu, hata ukiianika haiponi."

Hapo hakuwa amesema uongo. Kwetu huku Kaunti ya Lunenburg ukungu hautembelei nyumba ya mtu, unahamia na mizigo yake. Jioni unaacha biskuti kavu mezani, asubuhi unazinywa. Kuna mzee wa Blue Rocks aliyepotelewa na ng'ombe kwenye ukungu wa mwezi wa sita, akampata mwezi wa nane amenona, na hakuwa amekula kitu ila ukungu wenyewe. Sasa karakana ya Garnet iko hatua chache kutoka majini. Mle ndani alitengeneza reli za ngazi na kukarabati vyuma vya mashua za kuvulia kome, na kwa miaka yote diski zake zilining'inia kwenye msumari juu ya sinki. Za msasa zilijikunja kama maganda ya chungwa. Za kusagia hazikujikunja, na hiyo ndiyo ilikuwa hatari yake, maana zilinyonya unyevu kimyakimya na kudhoofika bila kumwambia mtu.

Aliyelisema hilo waziwazi alikuwa Odile d'Entremont, fundi aliyetoka Pubnico majira ya kuchipua, mwanamke wa miaka arobaini, mabega mapana na meno ya mbele yenye mwanya. Siku yake ya kwanza alitungua diski moja ya msasa msumarini, akaigeuza, akamuuliza Garnet, "Bosi, hii unasugulia chuma au unanywea supu?"

Tangu siku hiyo Garnet hakuwa na wimbo mwingine. Odile kasema diski zilale bapa. Odile kasema zikae ndani ya masanduku yake, mbali na jiko, mbali na baridi ya kugandisha. Odile kasema zenye mwaka wa zamani zitumike kwanza. Wakazunguka nyumba nzima wawili hao wakitafuta mahali pakavu pasipo na joto wala baridi, na katika nyumba nzima palikuwa na mahali pamoja tu. Ni juu, mwisho wa ngazi, kwenye lile kabati la mashuka, ukuta wa ndani. Mlango wa kabati na mlango wa chumba cha kulala cha Verna na Garnet inatazamana, karibu sana hata ukiifungua pamoja inagongana.

*

Kila asubuhi Odile aliingia kwa mlango wa jikoni, akavua buti, akapanda ngazi na soksi zake nyekundu. Huko juu alimkuta Garnet amekwisha kufungua kabati. Verna, aliyekuwa chini akikanda mkate, alisikia kila neno kupitia dari.

"Zimelala salama?" Odile aliuliza.

"Zimelala!" Garnet alijibu, na wote wawili wakacheka.

Ulikuwa utani wao. Ulikwenda hivi: anayekuja kuchukua diski huuliza kama zimelala salama, na mwenye nyumba huapa kwamba hakuna iliyoguswa, iliyolowa wala iliyoanguka. Hasa iliyoanguka. Odile aliwaeleza jambo hilo siku moja wakinywa chai, na hakucheka alipolieleza. Katika karakana alikofundishwa kazi, diski ikiponyoka mkononi na kugonga sakafu, huvunjwa hapo hapo kwa nyundo, mbele ya watu, ili asije mtu akaionea huruma na kuirudisha sandukuni. "Kwa macho huoni kitu," alisema. "Ufa unakaa ndani. Halafu inazunguka mara elfu kumi kwa dakika, karibu na shingo yako."

Mama Effie, mama mzazi wa Garnet, alikaa dirishani akifuma soksi. Masikio yake yalikuwa yamestaafu, lakini ulimi bado ulikuwa kazini.

"Anapanda ngazi vizuri yule," alimwambia Verna asubuhi moja. "Wewe unapanda kama unayehesabu madeni."

"Kanda wewe mkate, Mama, nikapande mimi nione."

"Eh?"

"Nasema chai yako inapoa!"

Verna alikuwa akijiambia kwamba hana wivu. Mwanamke mwenyewe alinuka chuma kilichoungua, na nywele zake alizikata mwenyewe, bila kioo, kwa jinsi zilivyoonekana. Ila kulikuwa na suala la kisogo cha mkate. Jumamosi Verna huoka mkate wa molasi wa kuliwa na maharage, na kile kipande cha mwisho, kigumu kwa nje na kitamu kwa ndani, amemwekea Garnet tangu wakiwa wachumba. Hata mwaka walionuniana mwezi mzima, kisogo cha mkate hakikuacha kufika kwenye sahani yake. Jumamosi moja alimpelekea karakanani kimefungwa kwenye kitambaa. Alipokwenda kuchukua kitambaa chake, Odile alikuwa ameketi juu ya ndoo, anatafuna, makombo kidevuni.

"Bi Verna, mkono wako huu!" Odile alisema kwa furaha. "Garnet kanigawia. Kasema yeye amekizoea."

Verna alikunja kitambaa mara nne. Kikawa kidogo kama sanduku la kiberiti.

*

Jioni ya chakula cha kanisa ilipokaribia, wanawake walimwomba Verna kile kitambaa cha meza cha mama yake, kama kila mwaka. Alikitoa chini ya nyumba alasiri ya siku yenyewe, haraka haraka, akakitandika kwenye meza kuu ya ukumbi bila kuvaa miwani. Walipowasha taa zote, kitambaa kilikuwa na madoadoa meusi ya kuvu kutoka pembe hadi pembe.

"Maskini," alisema Bi Eldora Himmelman, kwa sauti ya kunong'ona inayofika mlangoni. "Kitambaa kimepata tetekuwanga."

Wakaanza kumsaidia, na hakuna kitu kibaya kama kusaidiwa na wanawake wa kwetu. Huyu alisogeza bakuli la kabichi chachu lifunike doa hili, yule sahani ya samaki wa siki ifunike lile. Mwisho meza ilijaa upande mmoja kama mashua inayozama, na doa kubwa kuliko yote likabaki wazi mbele ya mchungaji.

Upande wa pili wa ukumbi Garnet alikuwa amezungukwa na wanaume. "Tangu Odile aje," alikuwa akisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeshiba, "sijatupa hata diski moja iliyojikunja. Kavu! Ukiishika unasikia raha."

Verna alichukua koti lake. Alirudi nyumbani kwa miguu, jua halijazama bado, akapanda ngazi zake bila kuvua viatu. Alifungua kabati. Ndani mlinukia ukavu. Masanduku yamelala bapa, yamepangana, ya zamani mbele, mapya nyuma, na kati ya rafu Odile alikuwa ametandika karatasi safi. Mashuka ya Verna hayakuwahi kupangwa vizuri namna ile, na labda hilo ndilo lililomchoma zaidi.

Alichukua sanduku la mbele, la diski za kusagia, akalirusha kutoka juu ya ngazi.

Liligonga ngazi ya tatu, likapasuka, na diski zikashuka zenyewe zikibiringika, zikidunda, moja ikizunguka kwenye sakafu ya mawe ya jikoni kama sarafu kabla ya kulala. Hasira ilimtoka Verna yote kwa mkupuo mmoja, na badala yake ikaingia aibu.

Aliziokota. Alizigeuza moja moja dirishani: hakuna ufa, hakuna ukingo uliomeguka. Alikuwa amemwona Odile akigonga lile jiwe kubwa la kusagia la mezani kule karakanani kwa mpini wa bisibisi na kusikiliza linavyolia, basi naye akachukua kijiko cha mbao, akazigonga zote. Tok. Tok. Tok. Zote zililia sawasawa. Akajiliwaza kwamba zinazolia sawa ni nzima. Alizipanga ndani ya sanduku jingine tupu la aina ile ile, akalirudisha mahali pake, mbele.

"Kumeanguka nini?" Mama Effie aliuliza kutoka chumbani kwake.

"Hakuna kitu, Mama."

"Nilihisi sakafu."

*

Jumatatu asubuhi Verna aliamka amekwisha kuamua kusema. Alikuwa na maneno yake tayari: Nilikuwa navuta shuka, sanduku likaponyoka. Maneno mafupi, nusu yake kweli. Odile aliingia, akavua buti, na Verna akafungua mdomo.

"Ngoja, Odile!" Garnet alisema, anatoka sebuleni na mikono nyuma. "Ile ngao yako ya uso imekwaruzika, huoni unachosaga. Nimekununulia mpya."

Aliiweka mezani, kati ya siagi na buli. Juu ya paji lake alikuwa ameandika ODILE kwa rangi nyekundu, herufi zenye mkia.

Verna alizijua herufi zile. Nyuma ya nyumba kuna mtumbwi mdogo wa mbao ambao Garnet aliuandika VERNA kwenye pua mwaka waliooana, kwa mkono ule ule, mikia ile ile. Jua na chumvi vimelila jina mpaka limebaki V na kitu kama funza. Miaka mingapi amemwambia alipake upya? Na miaka yote jibu lilikuwa moja: hana rangi nyekundu.

Alifunga mdomo wake.

Odile aliivaa ngao, akageuka huku na huku kama msichana dukani, akapanda ngazi. Aliposhuka alikuwa na diski mbili mkononi, amezishika kwa ukingo. Kwa kuwa Garnet alikuwa ametangulia karakanani, swali lao la kila siku alimwuliza mwenye nyumba aliyekuwepo.

"Zimelala salama, Bi Verna?"

"Zimelala," Verna alisema.

Mlango ukafungwa. Mama Effie alifuma mishono kadhaa. Nje ukungu ulikuwa umekaa juu ya ua kama paka juu ya mto.

Verna alichukua sahani, akaiosha. Akaiosha tena. Kisha akaisikia grenda.

Mtu aliyeishi na fundi hujua sauti za grenda kama anavyojua kikohozi cha mumewe. Grenda ikizunguka tupu hulia kwa sauti moja nyembamba. Ikiuma chuma hunguruma. Na Odile alikuwa na desturi yake, ambayo Garnet aliisimulia mezani hadi supu ikapoa: akifunga diski mpya huiachia izunguke tupu dakika nzima, ameielekeza ukutani, yeye kando, kabla hajaigusisha na chochote. Sauti iliyokuwa ikivuka ua ilikuwa ile nyembamba. Bado haijauma.

"Unakwenda wapi na sahani?" Mama Effie aliuliza.

Verna alikuwa amekwisha kutoka. Alivuka ua na ndara, akateleza, goti likagusa matope, akainuka. Sauti nyembamba iliendelea. Aliposhika mlango wa karakana ilikatika kidogo, kama pumzi inayovutwa, na akajua Odile anainua grenda kuipeleka kwenye reli. Swichi kubwa iko ukutani, kulia. Verna aliivuta chini kwa mikono miwili, na sahani ikapasuka miguuni pake.

Taa zilizimika. Lakini grenda ikikatiwa umeme haisimami papo hapo. Odile aliigeuzia ukutani, mbali na uso wake na mbali na Garnet, akaishikilia hivyo, na watu wote waliokuwamo wakasimama gizani wakisikiliza ile diski inavyopunguza mwendo, polepole, polepole, kama haina haraka ya kuwaachia. Walikuwa Odile, Garnet, na nahodha Knickle aliyekuja kuulizia reli yake. Mwisho ikanyamaza.

"Verna!" Garnet alisema. "Una wazimu?"

"Zilianguka," Verna alisema. "Diski. Hazikulala salama."

Odile alivua ngao. "Ipi imeanguka?"

"Sanduku zima."

"Kutoka wapi?"

"Juu ya ngazi. Mpaka chini."

"Lakini nilizitazama leo. Sanduku halina hata mkunjo."

"Nilibadilisha sanduku."

Nahodha Knickle aligundua kuna kitu muhimu sana juu ya dari, akawa anakitazama.

"Nilizigonga kwa kijiko," Verna aliongeza, na mwenyewe akasikia yalivyo maneno ya kitoto. "Zote zililia sawa."

"Hizi haziimbi, Bi Verna. Jiwe la mezani ndilo huimba. Hizi nzima na mbovu zote zinalia tok." Odile alifungua ile diski kwenye grenda, akaiinua kwenye mwanga wa mlango. "Zilianguka au zilirushwa?"

Verna alimtazama mumewe, akatazama zile herufi nyekundu.

"Nilizirusha. Kwa sababu unapanda ngazi zangu. Kwa sababu alikupa kisogo cha mkate. Kwa sababu kumbe rangi ipo!"

"Rangi gani?" Garnet aliuliza, na kwa kweli hakuelewa, maskini.

Odile alimpa Verna ile diski mkononi. "Hii ni nzima?"

"Sijui."

"Hata mimi sijui. Basi imekufa."

Sanduku lililetwa. Garnet alijaribu kusema kwamba labda zile za katikati, kwa vile zilikuwa katikati, zingeweza kufaa kwa kazi ndogo ndogo. Verna alichukua nyundo mwenyewe, akapiga magoti na lile goti lake la matope, akazivunja zote juu ya sakafu ya zege, moja baada ya nyingine, mbele ya mume wake na nahodha wa watu. Vumbi lake lilimpanda puani. Odile alisimama kando akitazama mpaka ya mwisho.

Kisha akaitundika ngao mpya kwenye ule msumari wa zamani juu ya sinki.

"Sikiliza, Bi Verna," alisema. "Huyu bwana, hata akiwekwa kwenye mnada na bei ishuke mpaka bure, mkono wangu hauinuki. Hilo lisikunyime usingizi. Mimi linaloninyima ni jingine. Nilikuuliza. Ukasema zimelala." Akavaa koti. "Siwezi kufanya kazi nisikoweza kuliamini sanduku."

*

Reli ya nahodha Knickle ilibaki nusu. Garnet alijaribu kuisaga mwenyewe, akaiacha na makovu mpaka nahodha akauliza kama imetafunwa. Nyumbani hakumfokea Verna. Alikuwa akimpita tu kwenye ngazi, mpole kama mtu anayepita kando ya ngazi iliyooza. Jumatano asubuhi alitoka na kikopo cha rangi nyekundu, akaupaka mtumbwi jina upya, V kubwa kama mlango wa kanisa. Verna alitazama kupitia dirisha, akaona limeandikwa kwa hofu. Hakufurahi.

Alichukua gari akaenda Mahone Bay, kwenye chumba alichopanga Odile juu ya duka la kamba za mashua. Odile alifungua mlango, kisu cha kumenyea mkononi. Nyuma yake kulikuwa na sinia la viazi vya kukuna na kuku, vile wanavyokula kwao Pubnico.

"Sikuja kuomba msamaha," Verna alisema. "Yaani, naomba. Lakini sikuja kwa hilo tu. Nimeweka kufuli kwenye kabati."

"Hongera."

"Ufunguo ni huu, na hukabidhiwi. Wala Garnet. Ninao mimi. Rafu ya juu mashuka yangu, tatu za chini diski zako. Hakuna mtu atakayepanda ngazi zangu tena kufuata diski. Asubuhi utasema unataka ipi, nitaishusha mimi, kwa ukingo, mikono mikavu. Kitakachotoka pale kitatoka mkononi mwangu."

Odile alimenya kiazi kizima kabla ya kujibu.

"Na siku ukinikasirikia?"

"Nitakukasirikia usoni. Diski sitaigusa."

"Umejifunza wapi kuzishika kwa ukingo?"

"Nimewasikiliza kupitia dari miezi mitatu," Verna alisema. "Hakuna nisilolijua."

Odile aliangua kicheko, mwanya wote ukaonekana. Kisha kicheko kikakatika. "Nitakuja mwezi mmoja," alisema. "Nitakutazama." Akavuta kiti cha pili kwa mguu. "Kaa. Ukila huku umesimama wanasema kuku hufufuka."

*

Mwezi ule ulipita, na mwingine, na Odile hakusema tena habari ya kutazama. Siku hizi diski hutolewa kwa dirisha la jikoni. Verna amekuwa mkali kuliko mwenye duka la dhahabu. Ukienda na mikono iliyolowa anakurudisha. Mvua ikinyesha anazifunika kwa taulo. Wanasema mchungaji alikwenda kuomba diski moja ya msasa kwa ajili ya benchi za kanisa, akaulizwa maswali hadi akaungama mambo mawili ambayo hakuwa amekuja nayo.

Jumamosi iliyopita Garnet alikwenda dirishani, akagonga kioo.

"Zimelala salama?" aliuliza, na akacheka kidogo, akingoja.

"Ya jana umeilaza wapi?" Verna alisema bila kucheka.

Garnet alifikiri. Akageuza macho kuelekea karakanani. "Juu ya sinki."

"Usiku kucha?"

"Ukungu haukuwa mkubwa, mama."

"Ilete niivunje, ndipo upewe nyingine."

Dirisha likafungwa. Garnet hakuondoka mara moja. Kupitia kioo aliona meza, buli la chai, maharage yanatoa mvuke, na Odile ameketi kwenye kiti cha Garnet mwenyewe, kile chenye mto, soksi nyekundu zimenyooshwa kuelekea jiko. Odile alisema kitu. Verna alicheka hadi kichwa kikarudi nyuma, kicheko ambacho Garnet alikisikia mara ya mwisho walipokuwa wachumba. Hata Mama Effie, asiyesikia kitu, alikuwa anacheka.

Aligonga tena, polepole. "Mnacheka nini?"

Hawakumsikia. Verna alikuwa ameshika kisu. Alikata mkate wa molasi mwishoni kabisa, akakipaka siagi kile kisogo mpaka pembeni, akanyoosha mkono nacho kuvuka meza. Garnet, nje, aliufuata ule mkono kwa macho, safari yote, mpaka ulipofika kwa Odile.